Kona ya Shaba ya Mzee Rewi

2 Juni

Ng'ombe wa bonde zima wamekaushwa. Hakuna maziwa ya kubeba, na lori langu limeegeshwa hadi watakapozaa. Mereana, mke wangu, kaniletea daftari. "Andika," kasema. "Kila majira ya baridi unanisimulia mimi, na mimi nimechoka kuwa daftari."

Basi naandika. Miaka hamsini na mitatu, tumbo mbele, goti bovu, na sasa mwandishi.

Habari ya leo: bomba la maji moto la jiko la marae, uwanja wa ukoo wetu wenye nyumba kuu, linavuja tena. Ni ile kona ya shaba chini ya sinki kubwa, pale bomba linapotoka ukutani na kupinda kwenda mabafuni. Lehemu yake imechoka. Nimeifunga kwa utepe, nikaweka ndoo.

3 Juni

Ndoo imejaa.

5 Juni

Mvua. Ndoo imejaa. Utepe umebanduka, nimeukuta unaelea ndani ya ndoo kama samaki mkunga mdogo.

9 Juni

Leo sina mzaha mwingi. Shangazi Ngāhuia karudi kutoka hospitali, na si kwa sababu kapona. Wamemwambia aende akakae na watu wake. Alituita chumbani kwake, mimi na binamu yangu Kereama, mwenyekiti wa kamati ya marae, akasema maneno machache kama mtu anayeagiza chumvi:

"Nataka kulala hapa Matarimu siku zangu tatu za kuombolezwa, ndani ya nyumba kuu, chini ya picha ya mama. Kisha mnizike ubavuni kwake. Msikubali nivushwe mto."

Ng'ambo ya mto ni Te Paritū, marae ya marehemu mumewe, Mzee Rewi, na huko ndiko alikozikwa. Watu wa Te Paritū watakuja kumwomba, hilo tunalijua. Wasipokuja itakuwa tusi, maana maiti asiyegombewa ni kama hakupendwa na mtu. Lakini anayeombwa lazima awe na uso wa kukataa, na uso wa marae ni jiko lake. Huwezi kusimama mbele ya watu useme "huyu ni wetu" wakati wageni mia tatu hawana chai, wala maji ya kuoshea sahani.

Jioni kikao. Kereama alisimama kama anahutubia bunge. Sakafu chini ya sinki inaoza, akasema. Mabomba yote yang'olewe, yawekwe ya plastiki, na fundi mwenye leseni anaweza kuja Septemba.

"Septemba!" nikasema. "Shangazi umempangia Septemba?"

"Sijampangia mtu kitu, Tīpene. Nimepanga mabomba."

"Na nani atakwenda kumwambia kwamba mabomba ya mumewe tumeyatupa kwenye pipa?"

Hapo kila mtu akaangalia viatu vyake. Mzee Rewi aliuvuka ule mto akiwa bwana harusi, na zawadi yake kwa wakwe ilikuwa mabomba yale. Aliyakata mwenyewe, akayalehemu mwenyewe, mbele ya mashemeji zake. Tangu siku ile hakuna aliyeyagusa kwa msumeno. Kuikata kona ile ni kama kumkata Mzee kidole mbele ya mjane wake.

Kwa hiyo kikao kikaamua: isikatwe, ifungwe bandeji. Na kwa kuwa mimi nina mtungi wa gesi wa kulehemu, na nina mdomo, nikawa fundi.

14 Juni

Nimeikata buti ya mpira, nikaizungushia kona, nikaikaza kwa vibanio viwili. Haivuji! Nimemwita Mereana aje aone.

Alipofika ilikuwa inavuja.

20 Juni

Nimekwenda kwa Shangazi na supu ya mifupa. Kalala karibu na dirisha, mikono yake imekuwa myepesi kama majani makavu. Mikono ile iliwahi kunizaba vibao vya haki kabisa.

"Bomba vipi?" akauliza.

"Salama, Shangazi."

"Halijakatwa?"

"Hata kidogo! Hatuwezi kulikata sisi."

Akaniangalia kwa muda, kisha akageuza uso dirishani. Nikaona kwamba kafarijika. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

28 Juni

Kikao. Kereama kachelewa, akaingia na matope magotini. Nikamwuliza kama alikuwa anasali. Hakucheka. Akatusomea bei za bomba la plastiki, akakaa. Mtu huyu angekuwa chakula, angekuwa uji usio na chumvi.

Moyoni nasema zaidi ya hapo. Nasema kashamkabidhi Shangazi kwa watu wa ng'ambo, anangoja tu siku.

4 Julai

Mvua. Ndoo mbili sasa.

10 Julai

Leo tumeamka alfajiri kuzitazama nyota za Kilimia, Matariki kama tunavyoziita, zikirudi mbinguni na kufungua mwaka. Shangazi alitaka kuja. Tulimfunga mablanketi manne, Kereama akakisukuma kiti chake kilichokuwa kinakwama kwenye nyasi, na hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Mawingu yalifunguka dakika chache tu. Tulitaja majina ya waliokufa mwaka huu, kila jina likapanda na moshi wa chakula. Kwisha majina, nilijua kila mtu alikuwa anafikiria jina moja la mwakani. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama juu, mdomo wazi kidogo, kama anayesoma bango la barabarani.

Kisha tukaenda kula, na kona ikaachia.

Haikudondosha tena, ilirusha. Maji moto yalimpata Mereana kifundoni, yakaingia sakafuni, yakatoka mlangoni. Nilikimbilia valvu kuu, nikaifunga kwa nguvu zangu zote. Wageni sabini mezani na hakuna maji. Waliotuokoa ni nani? Te Paritū. Walileta maji kwa gari lao la zimamoto, wakatujazia masufuria, wakatabasamu kwa adabu. Mdogo wake Mzee Rewi, Mzee Te Ahu, alinipiga bega.

"Usijali, kijana wangu," akasema. "Kwetu yapo tele. Moto na baridi."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Shangazi alikuwa mezani, kaisikia kila herufi.

12 Julai

Leo nimelehemu. Andiko hili naomba Kereama asilisome.

Shida ya kona ile ni kwamba maji hayakatiki kabisa. Valvu kuu ni ya zamani, hata ukiifunga inabaki ikipitisha kijito chembamba, na kona iko chini kuliko koki zote za jengo, kwa hiyo kila tone linalotoka kwenye chemchemi ya kilimani huishia hapo. Na bomba lenye maji halishiki lehemu. Moto wako wote unachemsha yale maji, shaba inabaki vuguvugu, lehemu inadondoka sakafuni kama machozi ya mamba.

Mafundi wa zamani wana dawa yake. Unafungua nati iliyo nyuma ya kiungio, unasukuma kipande cha mkate ndani ya bomba kama kizibo, unafunga, unalehemu haraka. Ukifungua maji, mkate unalainika na kutokea kwenye koki. Unatakiwa mkate mweupe wa dukani, ule laini kama pamba.

Mezani palikuwa na mkate wa Mereana. Rēwena, ule wetu wa chachu ya viazi. Mkate ule babu zetu waliubeba vitani na ukarudi mzima. Nikakata kipande kizuri, nikakisukuma, na kwa dakika chache bomba lilikuwa kavu kama jangwa. Sikuikata kona, niliipasha moto tu na kupaka lehemu kwa juu, nikaona uvimbe wa kijivu umeganda pale kama kinyesi cha njiwa. Nikafungua maji.

Kona ikavuja, polepole. Koki hazikutoa kitu. Nikangoja mkate ulainike. Nikanywa chai. Nikangoja.

13 Julai

Mkate haujalainika.

14 Julai

Mkate haujalainika. Habari imevuka mto.

"Fundi Mkate!" kasema Kereama mlangoni. "Umeziba maji ukaacha uvujaji. Kazi kama hiyo hata shetani angehitaji kuifanyia mafunzo."

Mereana ndiye aliyeumia zaidi. "Miaka thelathini naoka mkate ule," akasema, "na hakuna aliyewahi kuutukana hivi."

15 Julai

Nimeutoa kwa waya wa uzio. Ulikuwa bado unalika.

27 Julai

Ndama wa kwanza. Lori limeanza kazi. Narudi nyumbani nikinuka maziwa. Shangazi hali tena chakula kigumu, anapewa vipande vya barafu. Mereana humlaza upande huu na upande ule.

2 Agosti

Leo Jumapili nilikwenda kukaa naye ili Mereana apate kulala. Nilimkuta macho, uso umebaki mifupa na macho tu, lakini macho yenyewe ni yale yale.

"Fundi Mkate," akasema.

"Na wewe umesikia."

"Kila mtu kasikia. Nilicheka mpaka wakaniongezea dawa." Akapumua kwanza. "Bomba vipi? Na usiniambie salama."

Nikaona ni dhambi kumdanganya mtu aliye karibu hivyo na mahali ambapo mambo yote hujulikana. Nikamweleza: inavuja kama mwanzo, sakafu inaoza, valvu haifungi. "Lakini usiwe na wasiwasi, Shangazi. Mkono wa Mzee Rewi hatutaukata. Tutaendelea kuifunga funga."

Akanigeuzia uso.

"Tīpene, mwanangu. Ile kona mnaipendea nini?"

"Sisi? Si wewe..."

"Mimi nini?"

"Si kazi ya mumeo ile? Zawadi yake?"

Akaanza kutikisika. Nilisimama kumwita mtu, kisha nikaona anacheka, bila sauti, maana sauti ya kuchekea hana tena.

"Rewi alikuwa mwanamume mzuri," akasema. "Alipiga gitaa hadi mbwa wanalala. Lakini kulehemu! Kona ile ilivuja usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza, Tīpene! Kaka zangu wamemsifu, wamekula, wamelala, na yeye anang'aa kama sahani mpya. Ningemwambia nini? Niliweka sufuria chini, nikaamka kabla ya watu nikaimwaga. Wiki nzima. Kisha ukoko wa maji ukaziba wenyewe tundu, nikamshukuru Mungu."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nyinyi mlikuwa mnaipitia kama mnapita mbele ya madhabahu! Kila ikivuja namwona mmoja wenu anaivika bandeji. Nikasema, haya, wamempenda mume wangu, mtu wa kuja, wanampenda hata katika ubaya wa kazi yake. Mimi nani niwaharibie?" Akafumba macho. "Mwezi ule nilipokuuliza kama imekatwa, nilikuwa natumaini utaniambia ndiyo."

Marae nzima, watu wazima wenye ndevu, tumeilinda kona mbovu kwa ajili yake, na yeye kaivumilia kwa ajili yetu.

"Ikate," akasema. "Fanya upesi. Te Ahu atakuja na maneno matamu, namjua, na nyinyi mtakuwa mnakausha sakafu."

3 Agosti

Nilikwenda kumwambia Kereama. Mkewe akasema yuko marae. Jikoni hayupo, nje hayupo. Nikaona miguu imetokeza chini ya jengo, buti mbili na suruali yenye matope magotini.

Niliinama, goti likalia, nikatambaa. Chini ya sinki, boriti zimekuwa nyeusi na laini kama keki ya matunda. Na kando ya kila boriti, nguzo mpya. Kumi na kitu, kila moja imekatwa kwa kipimo chake, imekazwa kwa kabari, imewekewa jiwe chini. Kazi ya wiki nyingi. Kereama alikuwa kalala ubavu kwenye maji yanayotoka kwenye kona yangu, anagonga kabari nyingine.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Juni."

"Na hukusema!"

"Ningesema mngekuja kusaidia," akasema, "na wewe ungeleta mkate."

Kisha akaweka nyundo chini. "Watu mia tatu watapita juu ya sakafu hii kumwona, Tīpene. Nilitaka plastiki ili sakafu isije ikabonyea siku ile. Sikuwa na nia ya kumpa mtu. Kanilea hata mimi."

Nimeandika humu kwamba yeye ni uji usio na chumvi. Sitafuta. Acha ikae, nione haya kila nikifungua ukurasa ule.

Nikamweleza aliyoyasema Shangazi. Alisikiliza hadi mwisho, akakilaza kichwa chake matopeni, akacheka na kulia kwa pamoja kama mtoto. Tumekubaliana tuikate Jumamosi, mimi nikiwa sina zamu.

5 Agosti

Nimenunua kona mpya, msasa, dawa ya kupakia shaba, na mkate mweupe wa bei rahisi kuliko yote.

6 Agosti

Shangazi Ngāhuia kafariki leo alfajiri. Mereana alikuwa kamshika mkono. Ataletwa marae kesho asubuhi.

7 Agosti

Naandika haya nikiwa nimevaa koti la mtu mwingine.

Tulianza jana mchana, mara nilipopata mtu wa kushika lori langu. Niliikata ile kona kwa msumeno. Kereama alishika tochi. Meno yalipoingia kwenye shaba sote wawili tukasema "Samahani, Mzee," bila kupanga. Ilipotoka tuliitazama: lehemu ya Mzee Rewi ilikuwa imeshika nusu tu ya duara. Nusu nyingine ni ukoko.

Nikazisugua ncha za bomba kwa msasa hadi zikawa na rangi ya dhahabu, nikapaka dawa, nikavisha kona mpya. Mkate mweupe ulishika kwa muda, kisha ukapasuka. Kijito kikaja, mvuke, lehemu ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Mvua ya wiki nzima imeijaza chemchemi, na kile kijito si chembamba tena. Tulipanda kilimani tukashindilia gunia kwenye mdomo wa bomba, ndani ya sanduku la zege ambamo chemchemi hukusanyika. Likapunguza, halikuzuia.

Leo saa moja asubuhi tulianza upya na saa tatu tulikuwa bado tunashindwa. Nje wanawake walikuwa wameshavaa nyeusi, majani ya kijani vichwani. Meza zimetandikwa. Mashimo ya kuivishia chakula kwa mawe ya moto yamefukiwa. Wageni wakishapokewa na kulia lazima walishwe, ndilo tendo linalowarudisha kwa walio hai. Na jikoni hakuna tone la maji. Simu ikalia: wameondoka na jeneza nyumbani kwake. Te Paritū wote wako nyuma ya gari.

Kereama alikuwa kavaa suti yake, ile ya misiba, tai imenyooka. Yeye ndiye wa kukaa benchi la mbele. Yeye ndiye wa kuwajibu.

"Nikiziba kwa mkono," akasema, "yatakoma?"

"Ukiziba na nini?"

"Mkono, sweta, mimi mzima. Yatakoma?"

"Yatakoma. Lakini kutoka kule juu huwezi kurudi wakati wa..."

"Na wewe huwezi kutoka hapa," akasema. "Basi tuko sawa." Akatoka mlango wa nyuma, akapanda kilima kwenye mvua na viatu vyake vya kung'aa.

Nikalala chali chini ya sinki. Nikaliegemeza ukutani bati la mkebe wa biskuti ili nisiichome nyumba. Kijito kikapungua. Kikawa matone. Kikawa tone moja lililoning'inia, likafikiri, likaanguka, na la pili halikuja.

Nilisukuma mkate, nikakausha kwa shati langu, nikapaka dawa, nikawasha moto. Na hapo hapo nikasikia kimya cha lango. Mtu wa kwetu anakijua, gari likizimwa na watu mia tatu wakishika pumzi.

Kisha wito wa kumpokea. Ni Mereana aliyeita. Nimeishi na sauti ile miaka thelathini, imenituma maziwa, imenigombeza kwa buti za matope, na bado sijui inatoka wapi inapopanda vile, kana kwamba haitoki kwake bali inampitia. Alimwita Shangazi kwa jina, rudi, rudi kwa mama yako, panda juu ya uwanja wako. Na wanawake wa Te Paritū wakamjibu kutoka langoni, wakimleta.

Ningetakiwa niwe nimesimama pale, kichwa chini. Nilikuwa na moto mkononi na kiatu kimoja ndani ya dimbwi.

Dawa ikaanza kutoa moshi. Nikaondoa moto, nikagusisha ncha ya lehemu upande wa pili, mbali na ulimi wa moto, kama inavyotakiwa, shaba yenyewe iiyeyushe. Ikanyonywa. Iliingia ndani yenyewe, ikazunguka, ikatokea chini, pete nyembamba inayong'aa. Nikafanya mdomo wa pili. Ikazunguka.

Watu hudhani sehemu ngumu ya kulehemu ni moto. Sehemu ngumu ni kukaa tuli baadaye, hadi ile pete ipoteze mng'ao na kuganda. Ukiitikisa kidogo tu imepasuka ndani, na hutajua hadi kesho. Nililishika bomba kwa kitambaa. Ng'ambo ya ukuta, kwenye uwanja, walikuwa wanampitisha. Nilisikia nyayo kwenye changarawe, vilio vya wanawake, na kifua changu kikataka kupasuka, na sikukiruhusu. Nililia kwa macho tu. Mikono ilikaa tuli. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, na hakuna aliyeniona isipokuwa panya, kama yupo.

Pete ikawa ya kijivu. Nikaachia.

Nilipanda kilimani mwenyewe. Kereama alikuwa kalala kifudifudi ukingoni mwa sanduku la zege, mkono hadi begani majini, koti la suti limeshindiliwa kwenye mdomo wa bomba, midomo ya buluu.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Kaingia?"

"Kaingia."

"Nilisikia kutoka huku," akasema. "Nilisikia kila kitu." Mkono ulikataa kutoka, nikauvuta mimi. Tulikaa pale kidogo, wazee wawili wanene, tukisikiliza maji yakishuka ndani ya bomba. Kisha tukashuka nayo.

Kona haikuvuja. Mkate ukatoka kwenye koki ya tatu, vipande vipande, kwa adabu. Chai ilikuwa ya moto. Sahani mia tatu zimeoshwa.

8 Agosti

Asubuhi hii, Shangazi akiwa kalala chini ya picha ya mama yake, Te Ahu alisimama kumwomba.

Aliomba vizuri, lazima niseme. Alisema kaburi la kaka yake lina nafasi upande wa kushoto, na upande ule umekuwa baridi miaka kumi na minane. Alisema sisi Matarimu ni watu wa kusahau, tungemwachaje mke alale mbali na mumewe. Alipiga chini kwa fimbo. Wazee wetu walianza kujikunja.

Kereama akasimama. Suti yake imenywea, mikono imepanda juu ya vifundo. Sauti karibu hana. "Alitupa neno lake," akasema, "na mlituheshimu kuja kumwomba. Mngekaa kimya tungewachukia. Lakini sitawapa." Akakaa. Nilingoja hotuba, maana mtu yule huhutubia hata mbwa. Haikuja.

Te Ahu akabaki amesimama, fimbo imetulia. Akamtazama Shangazi, si sisi.

"Shemeji," akamwambia, "nilikuja na hoja moja ya nguvu. Nilijua jiko lao limekufa. Nilipanga kuuliza, mtamlazaje mama yetu kwa watu wasio na maji? Nimeipanga hoja ile tangu asubuhi ya Matariki." Akajigusa kidevu, na sasa sote tukaona kipande chekundu. "Leo nimeamka, nikafungua koki yao ninyoe. Hoja yangu yote imeniunguza hapa."

Nyumba nzima ikacheka, na kicheko kikageuka kilio bila kubadilisha pumzi. Te Ahu akainama, akagusa pua yake kwenye paji la uso wa Shangazi, akarudi kukaa na watu wake.

9 Agosti

Tumemzika leo ubavuni kwa mama yake. Mvua ilikatika alipokuwa anashushwa, ikaanza tena tulipomaliza kufukia, kama mtu aliyevua kofia.

Jioni Te Ahu aliniomba nimwonyeshe. Tukainama wote chini ya sinki, magoti yakiongea. Akaitazama kona yangu kwa makini. Lehemu imemwagika upande mmoja kama mshumaa, na ukuta una alama ya moto.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya," nikakubali.

"Ya Rewi ilikuwa mbaya zaidi. Tulijua sote kule kwetu. Tuliona aibu kuwaambia."

Baada ya chakula nikamwita Kereama, Mereana, na kila aliyekuwa anakausha sahani, nikawaambia mbele ya mashahidi: siku kona hii itakapovuja, na itavuja, ikateni. Hata kama nimeshakufa. Hata kama Mereana yuko mlangoni analia. Msiivike kitu.

"Sitalia," kasema Mereana. "Nitawaletea msumeno."